Ng'ombe Aliyepewa Binti

Stotzigen, Uswisi
12 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Nimepewa ng'ombe. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapasuka. Salamu zipo, ni mzima, nakula nashiba, theluji imebaki vileleni tu. Sasa turudi kwa ng'ombe.

Jumatano ng'ombe mmoja wa hapa, mkubwa wa kijivu, alishikwa na uchungu, na ndama amekaa vibaya, mguu mmoja umerudi nyuma. Daktari wa mifugo alikuwa bonde la pili. Mzee Alois, mwenye shamba hili ninalofanyia kazi, mikono yake inatetemeka kwa uzee. Mwanawe Benedikt ana mikono mipana kama jembe, haiingii. Nikavua koti, nikajipaka mafuta mpaka begani, nikautafuta ule mguu kule ndani huku nasali Salamu Maria kwa Kirundi, maana Kijerumani chao kilinipotea chote. Nikaupata. Benedikt akavuta kamba, mimi nikaelekeza, akatoka mtamba wa rangi ya udongo wetu wa Busunzu mvua ikishanyesha.

Majirani walikuwa wamejaa bandani. Mzee Alois akanishika mkono akasema mbele ya wote, "Esteri, kuanzia leo huyu ni ng'ombe wako. Mpe jina." Wakapiga makofi, wakamimina pombe yao kali ya matunda, kila mtu akanywa. Nikamwita Bihogo. Ndiyo Baba, jina la ng'ombe wenu mliyemwacha ng'ambo, Burundi, mwaka sabini na mbili. Benedikt amelichonga kwenye ubao juu ya mlango wa banda na kila herufi kaipatia.

Msalimie Mama. Mwambie mkono bado unauma lakini ni maumivu mazuri.

Binti yako,
Esteri

*

Stotzigen
12 Mei 2024

Shoga yangu Kudra,

Barua ya Baba ni hiyo picha ya kwanza. Ipige chapa kwa herufi kubwa, miwani yake unaijua, kisha mpe mtu wa bodaboda anayekwenda gulio la Busunzu. Baba angekubali simu tusingekusumbua na duka lako hapo Kibondo, lakini yeye anasema simu ni ya watu wa halo-halo mpaka salio liishe. Barua, anasema, inakaa.

Hii ya pili ni yako peke yako. Ukiisoma uifute.

Wamenitaka nibaki, Kudra. Chama cha jibini cha kijiji kitanisomesha miaka miwili, kutengeneza jibini kuanzia maziwa mpaka sokoni. Nikifika mwisho nitarudi kufungua nyumba yangu ya jibini hapo hapo nyumbani, na wewe utaniuzia dukani kwako, usikatae. Niliposikia hivyo nilikimbia kuzunguka kisima cha kijiji kama mwendawazimu. Jibu wanalitaka siku ng'ombe wanaposhuka mlimani, Septemba.

Ila nilimwahidi Baba kurudi Novemba. Unajua alivyo wakati wa chakula cha jioni. Kabla hatujagusa ugali anaita jina la kila mmoja, na kila mmoja anaitika "nipo". Alirithi kwa bibi, aliyekuwa akiwaita hivyo porini walipokuwa wanakimbia, ajue hakuna aliyepotea. Na siku moja aliita jina la mdogo wake Baba, hakuna aliyeitika. Sasa Mama ameniambia tangu niondoke Baba analiruka jina langu. Anaita wote, akifika kwangu anameza mate, anaendelea. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje miaka miwili?

Wako,
Esteri

*

Busunzu
26 Mei 2024

Binti yangu Kudra,

Mwakeye, na salamu za nyumbani. Pamoja na karatasi hii kuna barua ya Esteri, itume kwa njia zako. Lakini kwanza soma haya, na uyafunge mdomoni.

Wewe ni mtoto wa Kiislamu, kwenu mahari ina utaratibu wake, lakini umezaliwa hapa na unajua ng'ombe ni nini. Mzee mwenye mtoto wa kiume hampi binti wa watu ng'ombe mbele ya majirani, pombe ikamiminwa, halafu useme ni hisani. Hiyo ni inkwano, mahari kamili. Kosa lao ni moja tu: wamempa binti mkononi. Ng'ombe wa binti huja kwa baba yake, na msemaji, na fimbo. Nilikasirika siku nzima. Mke wangu akaniambia wale ni wageni, hawakufundishwa. Nikaona kweli.

Sasa ni wajibu wangu kuchunguza. Huwezi kumtoa mtoto mahali usipopajua milima yake wala wazee wake. Lakini Esteri asijue. Msichana akijua kwamba ukoo unachunguzwa, huandika yale unayotaka kusikia. Namuuliza kama mtu aliyependa jiografia ghafla. Nimemtumia pia salamu shemeji yangu Nduwayezu wa Kasulu, ndiye atakuwa msemaji wetu.

Apa kwa Mtume wako kwamba hutamwambia.

Mzee wako,
Tharsisi Niyonzima

*

Busunzu
26 Mei 2024

Mwana wanje Esteri,

Habari ya ng'ombe nimeipokea. Sina la kusema juu yake kwa sasa.

Mimi siku hizi nimependa jiografia. Nieleze hicho kijiji chenu. Kiko juu au bondeni? Maji yanatoka wapi, na yanagombaniwa? Udongo ni mwekundu au mweusi, na unachoka? Watu wa hapo ni wenyeji tangu zamani, au nao walitoka mahali? Kama walitoka, waliwakimbia nani? Wanazika wapi? Kuna ukoo wenye kichaa au kifafa? Nyumba ya huyo mzee ina umri gani, na ugomvi wa mipaka upo?

Ni jiografia tu. Huyo Benedikt anakunywa sana?

Mama yako anakusalimu. Maharage yamekubali, mihogo ina ugonjwa wa batobato.

Baba yako,
Tharsisi Niyonzima

*

Kibondo
28 Mei 2024

Shoga,

Nimekutumia barua ya mzee kama ilivyo, nukta kwa nukta. Mjibu maswali yote, hata yale ya ajabu. Usiniulize kwa nini. Nimeapishwa, na mimi kiapo nakiogopa kuliko mamlaka ya mapato.

Siri yako ninayo. Siri nyingine pia ninayo. Wateja wanakuja kupiga picha za pasipoti wananikuta nacheka peke yangu, wanadhani nawacheka sura. Ewe Esteri, wewe andika tu. Andika milima yote.

Kudra binti Abdulrahmani

*

Stotzigen
22 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Hujui ulivyonifurahisha. Nilidhani kwenye barua yako utaniuliza ninarudi lini, kumbe unataka kujua kijiji. Nimezunguka kwa wazee wiki tatu kwa ajili yako, mpaka wananiita mwanahistoria.

Stotzigen maana yake ni mahali pa mteremko mkali, na jina halikusema uongo. Fikiria kilima cha kwetu, kisha kisimamishe wima. Kijiji kina ngazi tatu. Chini kuna kijito, kanisa na nyumba ya jibini. Katikati kuna nyumba za watu, mbao nyeusi juu ya mawe, na majani ya kukausha kulisha ng'ombe wakati wa baridi. Mahali pengine ni wima hivi kwamba mkataji anafungwa kamba kiunoni, mwenzake anamshika kutoka juu. Ngazi ya tatu ni malisho ya juu kabisa, mali ya kijiji kizima, na ng'ombe wanakaa huko majira yote ya joto. Maji yanatoka kwenye chemchemi mpaka kisima cha mawe katikati ya kijiji. Hayagombaniwi, ila anayefulia kwenye birika la ng'ombe atasemwa mpaka Krismasi. Udongo ni mweusi, mwembamba, wanaubembeleza kwa samadi. Mihogo hapa ingekufa kwa kilio. Juu ya nyumba kuna msitu ambao haukatwi hata tawi, sheria ya tangu mababu, kwa sababu miti hiyo ndiyo inazuia theluji isiporomoke ikawafukia watu. Iliwahi kuwafukia.

Sasa shikilia kiti. Watu wa hapa ni wa kuja. Walitembea kutoka bonde la mbali kupitia milimani, na ng'ombe wao na watoto mgongoni, yapata miaka mia saba iliyopita. Wenye nchi ya bondeni wakawaonyesha huku juu, palipokuwa hapafai mtu, wakawaambia mkipaweza ni penu. Wakapaweza. Na mpaka leo, Baba, mtu wa bondeni akigombana na mtu wa Stotzigen anamwambia, "Nyie mlikuja juzi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawaambia wazee kwamba baba yangu alivuka mpaka akiwa na miaka minane, na leo ni raia, mwenye migomba na kiti kwenye mkutano wa kijiji, na bado kuna anayemwambia hivyo hivyo. Mzee Alois akasema, "Huyo baba yako ni mtu wa hapa."

Wanazika kanisani, lakini eneo ni dogo. Kaburi unakaa miaka ishirini na ushei, kisha anapewa mwingine. Najua hilo hutalipenda.

Ugonjwa wa kichaa hakuna. Benedikt hanywi sana, kwa nini? Ni mtu mwema, siku ya kupandisha ng'ombe alinibebea mzigo.

Na siku hiyo ndiyo nataka kukusimulia. Zamani za bibi wa bibi zao viazi viliozea ardhini, ikaja njaa, na nusu ya kijiji wakaenda Amerika. Hawakurudi. Basi kila mwaka, asubuhi ya kupanda mlimani, mkuu wa malisho anasimama kisimani anaita nyumba zote za kijiji kwa majina, anayajua kwa moyo. Kila nyumba inaitika "tupo". Akifika kwenye nyumba iliyoondoka, anaiita vilevile, kwa sauti ile ile. Kimya kidogo. Kisha mkubwa kuliko wote aliye pale kisimani anaitika kwa niaba yao: "Wako njiani." Miaka mia moja na sabini, Baba, na bado wako njiani. Halafu kengele zikalia, ng'ombe wakaanza kupanda, na Bihogo anaruka nyuma ya mama yake. Nililia, na nilikuwa na furaha.

Binti yako,
Esteri

*

Busunzu
20 Julai 2024

Mwana wanje,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mama yako, kisha Nduwayezu alipofika kutoka Kasulu nikamsomea na yeye. Karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Sasa nakueleza wazi. Sikuwa napenda jiografia. Nilikuwa nauchunguza ukoo. Ng'ombe uliyepewa mbele ya watu nimemwelewa ni wa nini, na kijana ni yupi. Labda hata wewe ulimwelewa ukaona haya kusema, binti mwenye adabu hasemi.

Habari ya makaburi ilinitoa jasho. Kaburi la kuazima. Nilisema hapana, mtoto wangu hatalala mahali pa kupokezana kama kiti cha kinyozi. Nduwayezu akasema nisome mbele. Nikafika kwa wale wa kuja. Nikafika pale kisimani. Nikaiweka karatasi chini nikatoka nje.

Mimi jina la mdogo wangu nililisikia likiitwa porini, na kimya kilichofuata nakisikia mpaka leo. Hakuna aliyetufundisha kwamba mtu mwingine anaweza kuitika. Watu wanaowaita waliowaacha kwa miaka yote hiyo, mtoto naweza kuwapa.

Nilitaka urudi. Nakuandikia hili ili usidhani nakutoa kwa kicheko tu. Nimekuandalia hata mahali pa banda, upande wa juu wa migomba. Lakini nakubali, kaa huko. Masharti ni mawili. Yule mzee alete neno kwangu kwa maandishi, kama baba kwa baba. Na kuzikwa ni hapa.

Ndizi za pombe ya rubisi nimekwisha kuziwekea alama. Nimewaalika wazee mwisho wa Agosti kusikia neno la wakwe. Nduwayezu ameazima koti.

Baba yako,
Tharsisi Niyonzima

*

Stotzigen
9 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama bandani, na ndoo ikaniponyoka.

Hakuna mkwe. Benedikt ana mke. Anaitwa Ursina, na wiki ile Bihogo alipozaliwa yeye alikuwa hospitali akijifungua mtoto wao wa pili, ndiyo maana ukahitajika mkono wangu. Sikuandika kwa sababu niliandika ng'ombe tu, nilijawa na ng'ombe. Na Bihogo ni wangu kwa jina. Hapa anayemwokoa ndama ndiye anayempa jina, na mpaka ng'ombe washuke Septemba watu humwita ndama wa huyo aliyemwokoa, kama mtoto wa ubatizo. Halafu anabaki zizini kwa mwenye shamba. Kila mtu hapa anajua hivyo, sikufikiri kwamba huko yangesikika vingine. Nimeona aibu kwa ajili yako na wazee na rubisi. Nisamehe.

Mzee Alois nilimweleza. Alicheka, kisha akaacha ghafla, akauliza, "Huyo baba amekubali?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia.

Lakini kuna jambo langu, na ukiwa unakasirika ukasirikie yote kwa pamoja. Wanataka kunisomesha jibini miaka miwili. Nililijua tangu Mei. Nilimficha mama, nikakuficha wewe, Kudra peke yake anajua. Nilikuandikia kijiji chote kile kwa furaha, na sehemu ya furaha ilikuwa kutumaini kwamba utapapenda uniruhusu. Natamani shule hii kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Ila niliahidi Novemba. Ukisema Novemba nitakuja Novemba, na sitanung'unika. Jibu wanalitaka tarehe ishirini na moja Septemba, siku ya kushuka.

Binti yako,
Esteri

*

Kibondo
1 Septemba 2024

Shoga,

Nililaza barua yako dukani karibu wiki tatu. Ndiyo, niseme ukweli, niliogopa. Jana nikaona siku ya wazee imefika, nikafunga duka, nikapanda bodaboda mwenyewe. Barua kama ile humpi dereva.

Nikawakuta wamekaa uani. Nduwayezu ndani ya koti kubwa kuliko yeye, anatoka jasho kama mtungi. Rubisi imejaa madebe. Mama yako kafunga kitenge kipya. Wote wakasimama waliponiona, wakadhani nimeleta neno la wakwe.

Mzee akaisoma peke yake, pole pole, kidole kwenye mstari. Akarudia ukurasa wa pili. Kisha akawaambia wazee, "Mkwe hayupo. Ng'ombe ni wa jina." Hakuna aliyecheka. Akachukua panga akaenda kwenye migomba, tukasikia anakata majani makavu ambayo hayakuwa na haraka yoyote. Nduwayezu akasema pombe iliyoiva haina kosa, basi wazee wakanywa, lakini kama watu wa matangani.

Nilipoondoka Nduwayezu alikuwa anaelekea kule migombani, koti mkononi. Waliyosema sijui. Leo nimemtumia mzee karatasi na kalamu mpya, hajajibu. Mimi nasali zangu tano na katika kila moja nimekutia wewe.

Kudra

*

Stotzigen
3 Septemba 2024

Kudra,

Usijilaumu. Tafadhali akija dukani mpe kiti, usimwulize kitu. Nimeanza kukunja nguo za Novemba. Nazikunja nazikunjua.

Esteri

*

Busunzu
14 Septemba 2024

Mwana wanje Esteri,

Sikukuandikia upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na baba mwenye hasira asishike kalamu. Nilikata majani ya migomba yote mpaka mama yako akaniuliza kama nimeajiriwa.

Kwanza ilikuwa aibu. Hiyo ikapita, maana wazee wenyewe sasa ndio wanaocheka kuliko wote. Nduwayezu amerudi Kasulu na huko anajitambulisha kama msemaji wa harusi ya ndama. Kilichobaki ni wewe kunificha tangu Mei. Hicho kiliniuma kweli. Lakini na mimi nilikuficha tangu Mei, nikajifanya mtu wa jiografia, kwa hiyo hapo tumetoka sare.

Pale migombani Nduwayezu aliniuliza swali moja. Alisema, "Shemeji, ulikwisha kumtoa moja kwa moja, mpaka ukabishania kaburi lake, kwa mume ambaye hayupo. Utamnyimaje miaka miwili kwa shule ambayo ipo?" Nilitafuta jibu siku nyingi. Sikulipata. Wewe kama unalo niandikie.

Soma. Waambie siku hiyo ya kushuka, mbele ya kisima chao, kwamba baba yako amesema ndiyo. Mwambie mzee Alois nimesikia habari ya kofia. Na Bihogo umshike kichwa kwa niaba yangu, pale katikati ya pembe. Wa kwetu alikuwa anapenda hapo.

Mahali pa banda pale juu ya migomba sipandi kitu.

Jana jioni tulikaa kula. Nikaita majina, mmoja mmoja, nao wakaitika. Nikafika kwako. Nikaita, Esteri. Sauti ilikuwa mbovu kidogo, nilikuwa sijaitumia kwa jina hilo tangu uondoke. Nikafungua mdomo niitike mwenyewe, kama yule mkubwa wa kisimani. Mama yako akaniwahi. Akasema, "Yuko njiani."

Tukala.

Baba yako,
Tharsisi Niyonzima